Shada: Maana na Asili ya Jina la Maua Yavaliwayo, kwa Kuangalia Mwambao wa Kilwa, Lindi na Rutamba

Tatizo

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, viongozi wa Tanzania huweka silaha za jadi kwenye mnara wa kumbukumbu: mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, shoka. Katikati ya vitu hivyo vya chuma na mti kipo kimoja cha maua, nacho huitwa shada. Mtangazaji hulitaja kwa sauti ile ile ya taratibu anayotajia silaha. Mwanafunzi wa Rutamba, katika Mkoa wa Lindi, ambaye hajapata kuona maua hayo ila kwa njia ya televisheni, au juu ya jeneza la mtu mwenye cheo, hujifunza kwamba shada ni maua ya wafu. Hajakosea. Hiyo ndiyo maana inayotawala leo katika magazeti, katika ratiba za mazishi na katika hotuba za serikali.

Mwanafunzi huyo huyo akipewa shairi la mapenzi ambamo mshairi anamtungia mpenzi wake shada, au anaomba avishwe shada, atafanyaje? Njia ziko mbili tu kwake. Ama ataona kwamba mshairi anazungumza juu ya kifo, na shairi la furaha litageuka kuwa la maombolezo. Ama ataliruka neno. Yote mawili ni kushindwa kusoma, na kosa si lake peke yake. Kamusi alizopewa zinamweleza shada ni kitu gani bila kumweleza linakaa wapi: kifuani, nywelezani, shingoni au kaburini. Uhakiki huu unalichunguza neno hilo kwa pande mbili, maana yake na asili yake, na unashikilia kwamba pande hizo hazitenganiki: anayejua neno lilitoka wapi ataona upesi kwa nini liliweza kuhama kutoka mwilini mwa bi arusi hadi juu ya jeneza bila kubadilika hata herufi moja.

Kamusi na masikio yake

Neno shada limo katika kamusi zote kubwa za Kiswahili. Huandikwa katika ngeli ya li-ya, wingi wake mashada, na mifano inayoliandamana ni ya maua na ya ushanga. Udogo wake ni kishada. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981, ilifuata kwa sehemu kubwa njia iliyokwisha kufunguliwa na kamusi za Frederick Johnson, ambazo nazo zilisimama juu ya kazi ya Madan ya mwaka 1903. Katika mnyororo huo kila kizazi cha watunga kamusi kilirithi sikio la kizazi kilichotangulia.

Sikio hilo lilikuwa wapi? Edward Steere alitoa kitabu chake cha mwongozo wa lugha mwaka 1870, na jina la kitabu lenyewe lilitangaza kwamba Kiswahili chake ni kile kinachosemwa Unguja. Krapf, ambaye kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882, alisikiliza Mombasa. Sacleux aliishi Bagamoyo na Unguja. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930 ikauendeleza uamuzi huo. Kilwa, mji uliokuwa mkubwa kabla Unguja haijawa na sifa yoyote, haukupata kuwa sikio la kamusi. Lindi vivyo hivyo. Inafaa kukumbukwa kwamba Steere mwenyewe alishuka Lindi mwaka 1876, akiwaongoza watu waliokombolewa utumwani kuelekea bara, safari iliyozaa misheni ya Masasi. Alipita katika nchi hii miaka sita baada ya kuchapisha kitabu chake. Alipita akiwa askofu mwenye watu wa kulisha na njia ya kutafuta, na hakuna wa kumlaumu kwa kutosimama kuuliza majina ya maua.

Upungufu unaojadiliwa hapa, basi, hautokani na uvivu. Kamusi zimezoea kueleza nomino kwa kuionyesha: kitu hiki kina umbo hili, kimetengenezwa kwa hiki. Njia hiyo hutosha kwa jembe au mlango. Kwa pambo haitoshi, kwa sababu pambo halijakamilika mpaka livaliwe. Ushanga uliomo kapuni ni bidhaa. Ulioko kiunoni ni jambo jingine, na kila mwanamke wa mwambao anajua ni jambo gani. Kamusi inayosema shada ni maua yaliyofungwa pamoja imesema kweli, lakini imeyaacha maua hayo mezani.

Kinachoweza kuyainua ni vitenzi. Shada hutungwa, hufungwa, huvaliwa, huvishwa, huwekwa. Kila kimoja cha vitenzi hivi huamua maana. “Kuvaa shada” hakuwezi kuwa habari ya msiba. “Kuweka shada la maua” ni nadra kuwa habari ya arusi. Kati ya hivyo viwili kuna “kuvishwa”, ambako mtu mmoja humpamba mwingine, na hapo neno huwa karibu na heshima kuliko uzuri. Kamusi ambayo ingeorodhesha vitenzi hivi, hata bila kuongeza neno lolote la maelezo, ingekuwa imemwokoa msomaji wa Rutamba.

Kutunga na kufunga

Katika Kiswahili kuna kitenzi kimoja kinachounganisha maua na ushairi, nacho ni kutunga. Hutungwa ushanga, hutungwa asumini, hutungwa samaki wa mtungo, hutungwa mashairi. Mtu apitishaye sindano na uzi katikati ya maua na mtu apangaye vina wanaitwa kwa shina moja. Hii si tamathali iliyobuniwa na wahakiki. Imo ndani ya lugha, kiasi kwamba msemaji anapotamka mtunzi au utungo hafikirii uzi wala sindano. Shaaban Robert aliyafahamu haya vizuri. Mkusanyiko wake mmoja unaitwa Pambo la Lugha, na ule uliochapishwa mwaka 1969, miaka saba baada ya kufa kwake, unaitwa Koja la Lugha. Majina yote mawili yanaichukulia lugha kuwa mwili unaostahili kupambwa, na la pili linamweka mshairi mahali pa yule anayemvisha mwenziwe shingoni.

Kwa nini lakini samaki waliopitishwa katika ujiti mmoja waitwe mtungo, na maua yaliyopitishwa katika uzi mmoja yaitwe shada? Kitendo ni kile kile. Tofauti iko mwishoni mwa kazi. Mtungo hubaki wazi. Mvuvi huushika ncha, akauuza, na samaki huchopolewa mmoja mmoja. Maua ya kuvaa hayawezi kubaki hivyo. Lazima ncha mbili zikutanishwe na zikazwe, la sivyo yatamwagika kabla bi arusi hajatoka chumbani. Jina limekamata hatua hiyo ya mwisho, ile ya kukaza fundo. Wala si kazi ndogo, kwa kuwa asumini hulegea kadiri inavyonyauka, na uzi uliokuwa umekaza jioni huning’inia usiku wa manane.

Asili

Hatua ya kukaza ndiyo inayolionyesha neno lilikotoka. Katika Kiarabu mzizi wa sh-d-d hubeba maana ya kufunga kwa nguvu, kuvuta mpaka kitu kikaze, kutia imara. Kiswahili kilichukua kutoka katika mzizi huo zaidi ya neno moja, na si kila msemaji anayatambua kuwa ni ndugu. Shida ni kukazwa kwa maisha. Shadidi ni ukali, na kushadidia jambo ni kulikazia. Katika madrasa za mwambao, mtoto anayejifunza kusoma Kurani hukutana na alama iitwayo shada, inayowekwa juu ya herufi ili itamkwe kwa mkazo, mara mbili mahali pa moja. Mtoto huyo ameshika shada la herufi kabla hajaona shada la maua. Jina ni lile lile, kwa sababu kazi ni ile ile: kitu kilicholegea kinatiwa nguvu.

Katika Kiarabu cha leo neno shadda limebaki na maana ya kitu kilichofungwa pamoja katika mahali pengi. Huko Iraki hutajwa kwa fungu la maua na pia kwa fungu la noti. Katika Shamu karata zote za mchezo, zikiwa zimewekwa pamoja, huitwa shadda. Mifano hii inasaidia kwa kuwa inaonyesha kwamba maua hayakuwa sharti. Kilichoitwa kwa jina hilo ni mafungiko yenyewe, na kila jamii ililitumia kwa kile ilichokuwa ikikifunga. Waswahili walikuwa wakifunga maua na shanga, na ndiyo sababu mifano ya kamusi zetu ni hiyo miwili.

Mfano wa kufanana, ingawa si wa mzizi huo, unapatikana Jizani, kusini-magharibi mwa Saudia, ambako wanaume wa milimani huvaa vichwani mataji ya maua na majani yanukiayo. Jina la taji hilo, isaba, linatokana na mzizi mwingine wa Kiarabu wenye maana ya kufunga na kuzungushia kitambaa. Mizizi ni mbali, wazo ni moja. Mahali ambapo maua huvaliwa, jina lao hupenda kutoka katika kufunga kuliko katika harufu au rangi. Ni jambo linaloweza kumshangaza asiyepata kuyavaa. Aliyepata kuyavaa anajua kwamba tatizo la kwanza la maua mwilini ni kudondoka.

Yapo maelezo mengine yanayoweza kuvutia. Kiarabu kina neno shadha, lenye maana ya harufu nzuri iliyo kali, na ni rahisi kudhani kwamba shada la asumini ni uharibifu wa neno hilo: maua hunukia, neno lina maana ya kunukia, sauti zinakaribiana. Dhana hii inapendeza mno, na hapo ndipo hatari yake. Kwanza, Kiswahili hakina desturi ya kuigeuza dh ya Kiarabu kuwa d. Dhambi, dhahabu, dhiki na dhamana zimebaki na sauti yake katika matamshi sanifu. Wasemaji wa pwani ya kusini ambao lugha zao za kwanza hazina sauti hiyo huipeleka kwenye z, wakasema zambi na zahabu, wala hawaipeleki kwenye d. Kwa hiyo shadha ingekuwa shadha Unguja na shaza Lindi. Isingekuwa shada popote. Pili, shada la ushanga halinuki. Kama harufu ingekuwa kiini cha neno, shanga zisingepata nafasi ndani yake, na kamusi zimezipa nafasi tangu zamani. Tatu, alama ya madrasa haina harufu pia. Nadharia inayoacha nje nusu ya matumizi ya neno haistahili kuitwa asili yake, hata ikiwa nzuri kusikiliza.

Majirani wa neno

Shada haliishi peke yake. Koja ni pambo la shingoni, liwe la madini au la maua, na sifa yake ni mzunguko: likishavaliwa linazunguka shingo. Kikuba ni kifurushi kidogo cha maua na majani yanukiayo, ambacho mwanamke hukiweka nguoni kifuani au nywelezani. Ndani yake huingia asumini, mrehani, waridi, langilangi, vipande vya mkadi na kilua. Katika miji ya mwambao, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja, vikuba huuzwa na wanawake jioni, wakati maua yanapofunguka. Kati ya majina haya matatu, kikuba ndilo lililobaki na mwili bila kuhama. Hakuna anayeweka kikuba kwenye mnara wa mashujaa.

Wapo wanaokiona kikuba kuwa udogo wa kuba, jina la paa la mviringo la msikiti, lililotoka Kiarabu. Kwa sarufi jambo hilo linawezekana, na mtu aliyesimama mbele ya magofu ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, pamoja na makuba yake, angetamani liwe kweli. Kufanana kwa sauti, hata hivyo, ni ushahidi wa nusu. Kwa shada upo mnyororo wa maana unaoonekana katika Kiarabu na katika Kiswahili, pete kwa pete. Kwa kikuba ipo picha tu. Tofauti kati ya mambo hayo mawili ndiyo tofauti kati ya etimolojia na kubahatisha, na haifai kufichwa kwa sababu picha ni nzuri.

Maua yenyewe yana historia za majina zilizo wazi zaidi. Asumini lilianza Uajemi, likapitia Kiarabu. Waridi na rehani ni ya Kiarabu. Langilangi lilikuja na mti wake kutoka visiwa vya Asia ya kusini-mashariki. Kilua ndilo la kwetu, na limepata bahati ambayo maneno machache ya Kiswahili yameipata: mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alipoueleza mti wake kisayansi, aliupa jenasi mpya kwa jina la Kiswahili, Mkilua, na spishi akaiita fragrans, yaani yenye kunukia. Mti huo, ambao maua yake wanawake wa pwani ya Kenya na Tanzania walikuwa wakiyavaa kwa ajili ya manukato, umeingia katika sayansi ya dunia kwa jina walilolitumia wao.

Kufika Rutamba

Hadi hapa mjadala umekaa pwani, kati ya misikiti na masoko ya jioni. Rutamba iko bara kidogo, magharibi mwa mji wa Lindi, penye ziwa na msitu wa Litipo. Wenyeji wake ni Wamwera, na lugha yao, pamoja na Kimakonde, huwekwa na wataalamu wa uainishaji katika kundi la P. Wataalamu wa mimea wanalifahamu jina la mahali hapa kwa umbo jingine. H. J. Schlieben, Mjerumani aliyekusanya mimea ya Tanganyika miaka ya 1930, alifanya kazi kubwa kando ya ziwa hilo, na katika vielelezo vyake mahali panaandikwa Lutamba. Ni l kwa Schlieben, ni r katika ramani na ofisi za leo. Katika lugha za eneo hili sauti hizi mbili hazitengani kama zinavyotengana katika Kiswahili sanifu, kwa hiyo hakuna aliyekosea. Lakini jambo hili dogo ni onyo kwa mwenye kutafuta asili ya neno kwa kufuata herufi tu: mahali pamoja, watu wale wale, na maandishi mawili yamezaa majina mawili katika muda usiozidi umri wa mtu.

Rutamba ina historia nyingine inayohusu lugha. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza Septemba 1964, maelfu ya watu walivuka Ruvuma, na Rutamba ikawa moja ya makazi ya wakimbizi hao. Wamakonde wa ng’ambo walikaa karibu na Wamwera. Katika mazingira ya namna hiyo Kiswahili hakikuwa lugha ya arusi za nyumbani, kwa kuwa kila jamii ilikuwa na ngoma zake na nyimbo zake za unyago. Kilikuwa lugha ya shule, ya zahanati, ya mkutano wa hadhara na ya redio. Neno linaloingia mahali kwa milango hiyo huingia na maana ya milango hiyo. Shada lililofika Rutamba kwa njia ya redio lilifika likiwa limekwisha kuvuliwa mwili. Wakati huohuo, kilomita chache upande wa mashariki, wanawake wa Lindi waliendelea kuwa na maua vichwani.

Hili ndilo linaloifanya Rutamba iwe mahali pazuri pa kulisomea neno hili, pengine kuliko Kilwa Kivinje yenyewe. Kivinje maana ya zamani na maana mpya zinaweza kuishi nyumba moja, bibi akitumia moja na mjukuu nyingine, na mtafiti akadhani kuna utata tu. Rutamba inaonyesha nini hutokea maana mpya inapofika peke yake.

Kutoka shingoni hadi kaburini

Maua ya kaburini hayakuanzia katika mazishi ya Kiislamu ya pwani. Huko maiti huoshwa, hutiwa kafuri, hufukiziwa udi, hunyunyiziwa marashi. Harufu ipo kwa wingi, lakini duara la maua lililowekwa juu ya mti wenye miguu mitatu halipo. Duara hilo lilikuja na Wazungu, kwa njia mbili: misheni, kama zile za Wabenediktini za Nyangao na Ndanda, na kumbukumbu za kijeshi zilizofuata Vita vya Kwanza vya Dunia. Kitu kipya kilihitaji jina. Kiswahili kilitazama katika mapambo yake, kikakuta maneno matatu. Kikuba kilikuwa kidogo mno, tena cha siri. Koja lilikuwa la shingo. Shada lilikuwa limekwisha kuwa neno la fungu lolote lililokazwa, na halikudai mwili kwa lazima. Likachukuliwa.

Ni muhimu kuona kwamba uhamaji huu haukuwa upotoshaji. Asili ya neno iliuruhusu. Kama shada lingetokana na kunukia, au na kuvaa, lingegoma kwenda kaburini au lingekwenda likilalamika. Kwa kuwa lilitokana na kufunga, lilikwenda kwa urahisi, kwani maua ya kaburini nayo yamefungwa. Anayesema kwamba maana ya leo ni ya makosa, na kwamba neno lirudishwe kwa bi arusi, anapigana na lugha yenyewe. Lawama inamstahili yule anayeandika maana mpya na kuiacha ya zamani ifutike, kana kwamba neno lina nafasi ya kulaza mgeni mmoja tu.

Wakati shada lilipokwenda kaburini, shingo ilibaki wazi, na haikukaa wazi muda mrefu. Mgeni rasmi anayefika Lindi, au wilayani kokote Tanzania, hupokewa na vijana wa skauti au wa chipukizi ambao humvisha skafu. Kitenzi ni kile kile, kuvisha. Ishara ni ile ile, ya mtu kumwinamia mwenziwe na kumzungushia kitu shingoni. Kilichobadilika ni maua kuwa kitambaa. Kitambaa hakinyauki, huweza kufuliwa na kutumika tena kwa mgeni wa mwezi ujao, na kwa macho ya ofisi faida hizo si ndogo. Lakini heshima ya maua ilikuwa katika kunyauka kwake. Aliyevishwa asumini alijua kwamba mtu fulani aliamka mapema, au alikaa jioni na sindano, kwa ajili ya siku moja tu.

Kishada nacho kimepata njia yake. Watoto hukitumia jina hilo kwa tiara ya karatasi inayorushwa kwa uzi. Humo kumebaki mambo mawili ya shada la kwanza, uzi na fundo, na maua yametoweka kabisa. Hapo tena asili inajionyesha: kilichodumu ni kufunga.

Jinsi kidahizo kingeandikwa

Kutokana na hayo, kidahizo cha shada katika kamusi ya baadaye kingepaswa kuanza na maana ya jumla, fungu la vitu vilivyotungwa au kukusanywa na kukazwa pamoja, hasa maua au ushanga. Maana ya pili iwe pambo la maua livaliwalo shingoni au kichwani, pamoja na vitenzi tunga, vaa na vika. Ya tatu iwe maua yawekwayo kwa heshima ya marehemu, pamoja na kitenzi weka, na ielezwe kuwa ndiyo iliyoenea zaidi katika lugha ya habari. Alama ya kusomea Kurani ipewe nafasi yake, kwa kuwa bila hiyo msomaji hataona uhusiano wa neno na shida na shadidi. Asili iandikwe Kiarabu, na mzizi utajwe, si lugha peke yake. Kutaja “Kar.” na kunyamaza, kama ilivyo desturi, ni kumwonyesha mgeni mji kwa kumtajia bara.

Swali la mpangilio linabaki kuwa la hukumu. Wapo watakaotaka maana ya kaburini itangulie kwa sababu ndiyo inayosikika zaidi, na kamusi za leo zinazojengwa juu ya kopasi za magazeti zitaelekea huko zenyewe, maana magazeti huandika mazishi ya wakubwa na hayaandiki jioni za wanawake. Takwimu za namna hiyo huhesabu kilichochapishwa. Asumini inayotungwa uani Kivinje haichapishwi, na anayeitunga halazimiki kulitamka jina la kazi yake. Hulivisha tu, akakaza fundo nyuma ya shingo ya bi arusi, akakata uzi uliozidi kwa meno.